Ombi la Wanajumuiya Kulazimishwa Kukaa Sebuleni Kwangu

Mwalimu Mstaafu Hironimus Mapunda,
Mshangano, nyumba ya pili baada ya bomba la maji,
Songea.
Jumatano, wiki ya pili ya mwezi wa saba.

Kwa Mwenyekiti,
Jumuiya Ndogo Ndogo ya Mtakatifu Walburga,
Mshangano.

Ndugu Mwenyekiti, Mama Eufrasia Haule,

YAH: KURUDISHWA KWA NYUMBA YANGU KWENYE ZAMU YA SALA, NA HATUA ZA KUCHUKULIWA DHIDI YA WAGENI WASIOTAKA KUKARIBISHWA

Kosa wanalolifanya watu wengi wanapotengeneza sebule ni kuwafikiria wageni. Wanajiuliza mgeni atakaa wapi, atashika nini, ataweka wapi kikombe chake, na mwisho wanaishia na chumba cha kawaida kilichojaa watu. Mimi sikufanya kosa hilo. Nilianza na kapeti, nikaja kwenye sofa, nikamalizia na taa. Wageni niliwaacha wa mwisho, kwa hesabu kwamba kitu kizuri kikishakamilika wa kukifurahia watajileta wenyewe. Hadi leo hawajajileta, na nia ya barua hii ni kueleza taratibu, bila hasira, kwa nini lawama ni yao.

Tumsifu Yesu Kristo. Najua salamu ilipaswa kutangulia, lakini wewe nilikufundisha darasa la tano na utakumbuka kwamba siku zote nilianza na somo, kisha ndipo nikaita mahudhurio.

Kabla ya malalamiko, nieleze sebule yangu ilivyokuwa, ili kumbukumbu za jumuiya ziwe sahihi. Marehemu mke wangu, Kunegunda, aliiweka kwa namna ambayo leo naona haya kuieleza. Palikuwa na viti vinne vya mbao, kimoja kikiyumba, na benchi refu tulilolinunua shule moja ilipobadilisha madawati. Palikuwa na mikeka miwili. Ukutani palikuwa na picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu na kalenda mbili, moja ya mwaka uliopita, ambayo Kunegunda alikataa kuitoa kwa sababu ilikuwa na picha nzuri ya ng'ombe. Katikati ya chumba, kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua zinapoanza, palikaa kapu la mahindi na beseni la bati. Mgeni akiingia, hata kabla ya kuulizwa habari za nyumbani, alipewa hindi. Nani alimpa sijui. Lilikuwa mkononi tu. Tulipokea watu wa kila aina wakiwa wamekaa hapo wanapukuchua, punje zinalia kwenye bati, na mbegu zangu za msimu ujao zilitayarishwa na jumuiya nzima bila mimi kutoa jasho.

Kunegunda alifariki, kama unavyojua, wakati wa mavuno ya mwaka juzi. Pasaka ya mwaka huu binti yetu Oliva, ambaye ni mtumishi wa serikali huko Dodoma, alikuja kunitazama. Alisimama mlangoni, akaangalia benchi, akaangalia ng'ombe wa kwenye kalenda, akasema, "Baba, hapa ni baridi. Mtu akiingia hapa hajisikii kukaribishwa." Nilimweleza kwamba Songea yote ni baridi. Akasema siyo baridi hiyo. Akatoa simu yake akanionyesha maelezo ya namna ya kufanya sebule ivutie, iwe na joto, imkumbatie mgeni. Nami, Ndugu Mwenyekiti, sijawahi kupewa muhtasari nikashindwa kuufundisha. Niliyanakili maelezo yale kwenye daftari, nikayagawa kwa wiki sita, na kufikia katikati ya mwezi wa tano sebule ilikuwa imefaulu kwa kila kipengele: sofa za rangi ya maziwa, kapeti jeupe lenye manyoya, mito tisa, mapazia mawili kwa kila dirisha, meza ya kioo, taa zenye mwanga wa njano, na mshumaa wa harufu ya vanila.

Benchi nililitoa nje. Kapu la mahindi nililipeleka stoo.

Sasa nakuja kwenye malalamiko.

1. Kwamba wanajumuiya hawajui kutumia mlango.

Siku ya sala ya kwanza katika sebule mpya mlifika watu ishirini na wawili. Nilikuwa nimebandika tangazo pale mlangoni, kwa mwandiko wangu wa ubaoni ambao hata wewe uliwahi kuusifu, lenye kichwa MAELEZO KWA WAGENI WETU WAPENDWA. Lina vipengele kumi na kimoja tu. Cha kwanza kinasema karibu. Vingine kumi vinaeleza jinsi ya kukaribia: kuvua viatu, kukung'uta nguo, kutoegemea pazia, kutoweka kikombe juu ya kioo bila kitambaa, na kadhalika. Hakuna hata kimoja kinachomfukuza mtu. Hata hivyo watu walisimama barazani wakisoma, midomo ikitembea kama watoto wa darasa la kwanza, na walipofika kipengele cha saba mzee Aidan akasema kwa sauti, "Jamani, mimi nasali hapahapa. Mungu anasikia mpaka barazani." Watu kumi na saba wakaona hoja hiyo ina uzito. Rozari ikasaliwa nje, kwenye upepo, huku mimi nikiongoza kutoka ndani na kuitikiwa kupitia dirishani. Ndani tulikuwa sita, ukinihesabu na mimi. Ukihesabu na mito, tulikuwa kumi na watano.

Jirani yangu Mussa, muuza mchele kutoka Tunduru, siku iliyofuata alipita kunisalimu. Alivua viatu, akaingia, akatazama kushoto na kulia, akasema, "Mwalimu, viatu nimevua, kapeti naliona. Imamu yuko wapi?" Nilimweleza kwa utulivu kwamba hapa si msikitini. Akasema basi atarudi siku nyingine nikishapata imamu. Naliandika hili ili ieleweke kwamba tatizo halipo kwa Wakatoliki peke yao.

2. Kwamba watu wazima hawajui mto ni wa nini.

Mto wa sofa ni wa kupendezesha. Si wa kulalia, si wa kukalia, na ukitaka kukaa unausogeza kidogo pembeni bila kuuchafua, halafu unaukumbuka unapoondoka. Nimeeleza haya kwenye kipengele cha tisa. Lakini Mama Rosemary, mama mwenye wajukuu saba, aliupokea mto mmoja mapajani akakaa nao rozari nzima, mikono yote miwili imeushika, kama aliyeachiwa mtoto wa mwenzake na hajui mama yake anarudi lini. Tesbihi yake ilibaki kwenye mkoba. Nilipomwambia anaweza kuuweka chini, aliuliza, "Chini wapi, Mwalimu?" Tukatazamana. Kwa kweli, chini palikuwa na kapeti.

3. Kwamba mshumaa wa vanila ulipokelewa kwa tamaa ya tumbo.

Harufu ile kazi yake ni kumtuliza mgeni. Wageni wangu haikuwatuliza. Waliokuwa barazani waliamini kuna keki inaiva, na baada ya sala hawakuondoka. Walisubiri. Mzee Aidan alikuja dirishani mara mbili kuuliza kama nahitaji msaada wa kukata. Nilipotoa chai na mihogo ya kuchemsha niliona kwenye nyuso zao huzuni ambayo mihogo yangu haikustahili.

4. Kwamba taa zangu zilisababisha sebule iombewe kama marehemu.

Mwanga wa njano hafifu, kwa mujibu wa maelezo, huleta ukaribu. Siku ya zamu yangu ya pili tulipanga kubariki sebule. Wewe mwenyewe ulimkabidhi George kitabu cha sala, na George ana macho mazuri, anaendesha pikipiki. Lakini katika ukaribu ule hakuona namba ya ukurasa. Alisogea dirishani, akakumbana na pazia la kwanza, akalifunua, akakuta la pili. Akaamua kusoma hivyohivyo. Tulikuwa tumefika katikati ndipo Mama Rosemary akanigusa mkono akaninong'oneza, "Mwalimu, hii ni ya kuombea wafu." Nikamwambia nimeshaisikia. Sikuona adabu kumkatiza George. Tukaitikia mpaka mwisho, tukaiombea sebule yangu raha ya milele, na tangu siku hiyo, lazima niseme, imetulia sana.

5. Kwamba wageni wanaiba ukarimu na kwenda kuutumia jikoni.

Hapa, Ndugu Mwenyekiti, naomba usome taratibu, kwa sababu ni jambo zito. Nyuma ya nyumba yangu kuna jiko la nje. Unalijua: matofali mabichi, mabati matatu, mafiga, vigoda vinne na kinu kilicholazwa chini kikiwa cha tano. Moshi wake unaumiza macho. Hakuna pazia hata moja. Hakuna mtu aliyewahi kuandika maelezo ya namna ya kulifanya livutie. Na bado, siku ile ya sala ya kubariki, mmojammoja, kila mtu kwa kisingizio chake, walihamia huko. Mmoja alikwenda kuchukua maji. Mwingine akaenda kumtafuta aliyekwenda kuchukua maji. Rosemary alikwenda kuuliza kama mihogo imebaki. Nilibaki nimekaa kwenye sofa ya rangi ya maziwa nikisikiliza kicheko kikitoka jikoni kwangu, kwenye kuni zangu, juu ya vigoda vyangu.

Ukiufikiria kwa makini, huu ni wizi. Joto lile lilinunuliwa kwa ajili ya sebule. Kicheko kile kilipaswa kuchekwa ndani. Mtu anayealikwa sebuleni akaenda kufurahi jikoni hana tofauti na mwanafunzi anayefundishwa hesabu akaenda kufaulu jiografia.

6. Kwamba Kassian Nyoni hafiki tena.

Kwa wasiomjua, kama barua hii itasomwa kwenye kikao, Kassian ni mkulima, shamba lake limepakana na langu upande wa bondeni, na kwa muda wa miaka thelathini na mitano amekuwa akifika kwangu kila siku kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni akitokea shambani. Hafiki kwa shughuli. Anakaa, anapukuchua, anasema mvua zimebadilika, anaondoka. Kunegunda alikuwa akisema huyu si mgeni, huyu ni saa ya ukutani.

Baada ya kapeti kuwekwa alifika kama kawaida, akiwa na mabuti ya mpira na udongo wa bondeni mpaka magotini. Nilimsomea kipengele cha pili. Akavua. Unaijua miguu ya Kassian. Aliitazama yeye mwenyewe kwa muda, akatazama kapeti, akasema, "Mwalimu, hii miguu imezoea udongo. Nikiikanyagisha hapo itasahau njia ya nyumbani." Tulicheka. Alikaa ukingoni mwa sofa kama anayesubiri kuchomwa sindano. Mikono yake ilikuwa inatafuta kitu cha kushika. Aliiweka magotini, akaikunja, akaifunua, akaikalia.

Kisha mimi, kwa heshima zote, nikamtandikia gazeti chini ya miguu.

Nilifanya hivyo ili ajisikie huru. Aliliangalia gazeti. Akasoma kichwa cha habari, kilikuwa cha mbolea, akasema, "Kumbe imeshafika." Alikunywa chai yake akiwa amesimama, akasema giza linaingia, ingawa halikuwa linaingia. Siku hizi anapita barabarani na jembe begani, anaita kutokea kwenye uzio, "Mwalimu! Upo?" Naitikia, "Nipo!" Anasema, "Haya." Anakwenda. Hayo ndiyo maongezi yetu ya siku. Ninalalamika kwamba ni mafupi.

7. Kwamba nimerukwa.

Mwezi uliopita zamu ilitoka kwa Aidan ikaenda kwa Rosemary, wakati katikati yao nipo mimi. Nikasema ni makosa ya kuandika. Zamu ikazunguka, ikaniruka tena. Uliposimama kutangaza ulisema kwa upole wako wote, "Nyumba ya Mwalimu tumeiacha ipumzike." Nakushukuru kwa lugha. Lakini nyumba yangu haijachoka, Mama Eufrasia. Inapumzika kuanzia Jumatatu mpaka Jumapili.

Na kuna jambo jingine ambalo naliandika hapa kwa sababu barua rasmi inapaswa kuwa kamili. Kila Alhamisi jioni Oliva hunipigia simu kutoka Dodoma. Huuliza, "Baba, wamekuja?" Nami hujibu, "Wamekuja, wamejaa, wengine wamekosa pa kukaa." Huuliza tena, "Na Mzee Kassian?" Nasema yupo hapa, anakusalimu. Nimefundisha miaka thelathini na minne nikiwachapa watoto wa watu kwa kosa la kusema uongo. Sasa nimefikia umri huu nasema uongo kila wiki, tena kwa sauti ya furaha, nikiwa nimekaa katikati ya mito tisa. Huko ndiko jumuiya yako ilikonifikisha.

Naomba usinielewe vibaya. Sisemi kwamba nadai mje kwa sababu mlikuja kwenye msiba. Mlikuja kwenye msiba, hilo halina ubishi. Mlilala kwenye mikeka ile chumba kizima, hakuna aliyeuliza mto, na mahindi ya mwaka ule yote mliyapukuchua ninyi katika zile siku za kukaa nami, mpaka ikabidi muombe kwa majirani mengine ya kuendelea nayo kwa sababu yangu yalikwisha na maongezi yalikuwa bado. Lakini hiyo ilikuwa sebule ya zamani, ambayo kwa vigezo vyote ilikuwa haikaribishi. Nashangaa tu, kama mtafiti: kama mliweza kukaa siku nyingi vile mahali pabaya, mnashindwaje kukaa saa moja mahali pazuri?

Kutokana na maelezo hayo, naomba kikao chako kipitishe maazimio yafuatayo:

(a) Nyumba yangu irudishwe kwenye zamu mara moja, na ili kufidia zamu mbili nilizorukwa, mje Alhamisi tatu mfululizo.

(b) Kila mwanajumuiya mwenye afya njema akae kwenye sofa yangu si chini ya saa moja kwa wiki, mgongo ukiwa umegusa sofa. Kukaa ukingoni kusihesabiwe. Nitatunza daftari la mahudhurio mwenyewe, kazi hiyo naifahamu.

(c) Wakati wote wa sala, jiko langu la nje lifungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae kwako. Atakayeonekana amechangamka nje ya sebule aandikwe jina.

(d) Itolewe semina ya siku mbili juu ya mto.

(e) Mzee Kassian Nyoni aandikiwe barua ya wito. Akikaidi, apelekewe ya pili yenye mhuri wa parokia. Akikaidi tena, wazee watatu waende wakamchukue shambani, wamwoshe miguu pale bombani mbele ya mashahidi, wamlete akiwa amebebwa ili asikanyage popote katikati, wamketishe, na asiachiwe mpaka aseme kwa kinywa chake kwamba amejisikia kukaribishwa.

(f) Ikiwa yote haya yatashindikana kwa sababu ya msimu wa mavuno, basi jumuiya ichague kamati ndogo ya watu watatu watakaojisikia kukaribishwa kwa niaba ya wengine. Wakae sebuleni kwangu kwa zamu na kutoa taarifa kila mwisho wa mwezi. Nipo tayari kuwapa mafunzo.

Sidhani kama nimeomba kitu kisichowezekana. Watu wanalazimishwa kupima ardhi, wanalazimishwa kuchimba vyoo, na baadaye wote wanashukuru. Sioni kwa nini wasilazimishwe kustarehe.

Nikiamini kwamba utalipokea ombi hili kwa moyo uleule uliokuwa nao darasa la tano, siku ulipokubali kurudia hesabu ya mafungu mara nne bila kulia, naomba unisalimie wote: mzee Aidan, mwambie keki haikuwepo, Mama Rosemary na wajukuu, George na macho yake, mama mkwe wako aliyelazwa, nitamwona Jumapili, majirani zako wa upande wa juu ambao huwa nasahau majina yao lakini sura zao nazikumbuka, na kila atakayeuliza habari zangu. Mwambie ni nzuri.

Ni mimi mwalimu wako, mzee wa jumuiya, na mmiliki wa sebule,

Hironimus Mapunda

Nyongeza, Alhamisi asubuhi.

Barua hii niliimaliza jana mchana, na inabidi nikuambie niliiandikia wapi. Niliiandikia jikoni, kwenye kigoda, daftari likiwa juu ya kinu. Sebuleni taa hazitoshi kuandika, na niliogopa wino kwenye kioo.

Jioni nilitaka kuisoma kwa sauti ili kuona kama ina makosa, nikaenda kuisomea sebuleni kwa kuwa ndiyo inayolalamikiwa. Palikuwa na baridi. Nikafungua mlango ili nilete jiko la mkaa bila kujaza chumba moshi. Sina uzoefu wa kukaa bila kushika kitu, kwa hiyo nikaenda stoo nikatoa kapu na beseni la bati, nikaviweka pale vilipokuwa vikikaa siku zote, yaani, kwa sasa, juu ya manyoya. Nikaanza kupukuchua huku nasoma. Nilikuwa nimefika lalamiko la tano Mussa akaingia. Hakubisha hodi, alisema amesikia punje zikilia kwenye bati kutokea barabarani. Aliingia na viatu. Hakuiangalia sofa. Aliketi chini, akanyoosha miguu, akachukua hindi, akasema, "Mwalimu, umeanza peke yako? Ndiyo tabia gani hiyo?" Alikaa saa moja na nusu. Alinieleza habari za mwanawe wa Tunduru, ambazo nilikuwa sizijui, na tumekuwa majirani miaka tisa. Alipoondoka kapeti lilikuwa na punje, maganda, na alama mbili za viatu vyake. Nimeangalia alama zile asubuhi hii. Sijaziondoa.

Kwa hiyo malalamiko yangu, la kwanza mpaka la tano, nayafuta. La saba naliacha mikononi mwako, zamu nitaisubiri. Maazimio yote sita yafute pia, hasa semina. Tangazo la mlangoni nimewashia moto wa chai, na mito nimeipeleka jikoni, kwenye vigoda, ambako nimegundua ina kazi nzuri sana. Oliva nitampigia mimi leo, kabla hajanipigia yeye, nimwambie ukweli wa Alhamisi zote. Hakuna mahali kwenye simu yake palipoandikwa vipengele kumi na kimoja. Hivyo nilitunga mwenyewe, na sofa zake hazina kosa.

Linabaki la sita. Hilo silifuti, ila nabadilisha mlalamikiwa. Nilimtandikia rafiki yangu gazeti, Mama Eufrasia, na nikaliita heshima. Yeye hakulalamika, na mimi nimejaza kurasa sita.

Nisingependa kumwandikia. Akiona barua yangu atadhani kuna mtu amekufa. Nikimwita kutoka kwenye uzio atasema "Haya" na kwenda. Lakini wewe leo, ukielekea sala kwa Rosemary, utapita bondeni, na saa hizo atakuwa pale anafunga mahindi yake.

Mwambie kapu liko katikati na beseni ni tupu. Mwambie asivue mabuti.